Hodi Isiyoitikiwa

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, taratibu, kama inavyogongwa na mtu anayeogopa kuwaamsha wenzake. Nikajua ni Yahaya, mjukuu wangu. Mama yake aliolewa tena Urambo akaniachia angali mdogo, na nilikuwa namjua hata anavyokunywa maji. Nikawasha kibatari nikatoka uani.

Alikuwa amesimama wima kando ya mtungi. Mkono wa kulia ulishika kata. Wa kushoto alikuwa ameuinua juu ya kichwa, vidole vimekunjuliwa, kama anavyofanya mtu aliyejitwika gunia na hataki liyumbe. Juu ya kichwa hapakuwa na kitu.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo tulivyotaniana siku zote, "unashikilia mbingu isituangukie?"

Hakucheka. "Bibi, nimeshindwa kuushusha."

"Mkono?"

"Mzigo."

Nilimshika kiwiko nikauvuta ule mkono chini. Ulikuja bila ubishi. Lakini ulipoondoka tu, shingo yake ikayumba, magoti yakalegea, naye akatoa sauti ndogo ya mtu anayeteleza. Nikauachia, ukarudi juu wenyewe. Maji yalimtiririka kidevuni kwa kuwa hakuweza kuinamisha wala kuinua kichwa. Nikachukua kata nikamnywesha, kidogo kidogo, nikimfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Kibatari kilipomkaribia niliona nywele zake. Yahaya alikuwa amezifuga zikawa duara kubwa, kama vijana wote wa miaka ile. Sasa utosini zilikuwa zimelala, zimebanwa na alama ya mviringo. Mimi nimebeba kuni na maji tangu utoto, alama ile naijua. Ni alama ya ngata, kitambaa kinachoviringwa kichwani chini ya mzigo.

Aliponywa vya kutosha akageuza uso, akatazama upande wa mashariki, juu ya ukuta wa ua. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Rafiki yake Eustace alianza hivyohivyo.

Nieleze kwanza habari ya bendi yao.

Ulikuwa mwaka wa malori. Watu wa mashamba walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na sisi wa mjini Tabora tuliwaona wakipita na vitanda vyao na kuku wao na mabibi waliokaa juu ya magunia wakishika vyuma vya lori. Vijana wetu wa mtaa wa Ng'ambo walikuwa na bendi yao ndogo waliyoiita Ng'ambo Roki. Rumba waliwaachia wazee. Wao walitaka roki, gitaa linalolia kama bati likichanwa. Yahaya alipiga gitaa la umeme. Eustace, kijana mrefu mpole, mtoto wa bibi Koleta mshona nguo, alipiga ngoma. Mwimbaji alikuwa Silasi, aliyetoka upande wa Bukene akaja mjini kushona viatu sokoni. Walifanyia mazoezi kwenye chumba changu cha nyuma, na ingawa masikio yangu yaliumia nilikuwa nawapikia chai. Silasi ndiye aliyekuwa akinirudishia vikombe vimeshaoshwa. Sijawahi kumwambia aoshe.

Siku moja kiongozi wa vijana alikuja kuwasikiliza. Akawaambia bila ukali, "Mnapiga vizuri, lakini mnaiga ya watu. Tafuteni ya kwetu." Maneno hayo yaliwakaa moyoni. Wakaulizana ya kwetu ni ipi, na Silasi akasema kwao kuna nyimbo ambazo hakuna mtu mjini aliyewahi kuzisikia.

Alizaliwa katika watu waliojiita Wapokeaji. Walikuwa wachache, kaya za kuhesabika, mahali ambapo njia ya zamani ya misafara ilipita. Wengine walikuwa wamebatizwa, wengine walikuwa na majina ya Kiislamu, lakini mapadri hawakuwakubali, na masheikh vilevile. Wao waliamini kwamba wachukuzi waliokufa njiani, enzi za pembe na pingu, hawajafika. Bado wanatembea na mizigo yao. Asiyepokewa huendelea. Basi kazi ya Wapokeaji ilikuwa kuwaimbia.

"Nyimbo zenyewe zikoje?" Yahaya alimuuliza.

"Nzito," akasema Silasi. "Zinakwenda kwa mguu. Halafu katikati zina shimo."

Akawaimbia mmoja, pale chumbani kwangu, na mimi nikiwa mlangoni na birika.

Hodi, wenye mji, hodi.
Nimetoka mbali, jua limenichwea.
Shingo yangu imeingia kifuani.
Nani yuko nyumbani anipokee?

Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, macho chini, kisha akaanza upya. Eustace akasema, "Hapo kwenye shimo ndipo pa kupiga." Yahaya akachomeka waya wake, na pale Silasi aliponyamaza yeye akaweka gitaa, na Eustace ngoma. Ulikuwa mzuri. Hata mimi nilisimama na birika mpaka chai ikapoa.

Waliupiga kwa mara ya kwanza kwenye bugi, dansi la vijana la Jumapili alasiri, katika ukumbi wa mtaa. Yahaya aliniomba niende. Nilikaa nje mlangoni na shoga yangu Maua, aliyekuwa akiuza karanga. Vijana walikuwa wamejaa, suruali pana kama magunia na viatu vya visigino virefu, wakisukumana na kuchekana. Mwimbo ulipoanza wakatulia. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, wote pamoja, bila kufundishwa. Silasi akafika penye anipokee, akafunga mdomo. Gitaa likalia.

Na mikono ikapanda. Kila kijana mle ndani aliinua mkono mmoja akaushika utosi wake, shingo zimenyooka, macho yanatazama mbele. Maua alinigusa goti.

"Shoga, watoto wameshikwa na wazimu au ndiyo mtindo mpya?"

Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma yetu. Barabarani palikuwa na miguu. Mingi, mitupu, inakwenda pole kwenye changarawe, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kwa mwendo uleule wa mwimbo. Niligeuka. Barabara ilikuwa tupu, jua linawaka. Vumbi tu lilikuwa limeinuka kimo cha goti, nalo lilikuwa linasogea kuelekea ukumbini.

Mwimbo ulipoisha mikono ikashuka, vijana wakapiga makofi na kucheka, wakaomba urudiwe. Ukarudiwa. Kwa mwezi mzima kila Jumapili walikuwa wanauomba, na mtindo wakauita Kubeba.

Wa kwanza alikuwa Eustace. Asubuhi moja bibi Koleta aliamka akakuta mlango wazi. Watu wa reli walimwona Igalula, mbali mashariki, anatembea kando ya reli mkono kichwani, nyayo zimechubuka, na walipomwita jina hakujua kwamba ni lake. Walikuwa watu wema wale. Mmoja alivua viatu vyake akamvisha, akarudi naye Tabora kwa treni, na hakutaka hata chai. Tangu siku hiyo Koleta alikuwa ameacha kazi, anakaa mlangoni amemshika mwanawe upindo wa shati.

Sasa ilikuwa zamu ya Yahaya wangu, anatazama mashariki kabla jua halijatoka. Nikafunga mlango wa nje kwa komeo, nikaketi mbele yake.

Nilijaribu nilichokijua. Mwalimu wa chuo cha Kurani, Shehe Mabruki, alikuja nyumbani mwenyewe ili mtoto asitazamwe njiani. Alimsomea kwa utulivu mpaka adhuhuri. Mwishoni akaniambia, "Swaumu, dada yangu, nimemwombea na nitaendelea kumwombea. Lakini huyu hajaingiwa na kitu. Amepewa kitu. Watafute wenye ule mwimbo." Wengine wangejifanya wanajua. Hospitali nako daktari alimpapasa shingo kwa upole akasema mifupa imeshikana kama ya mpagazi wa miaka mingi, akauliza alikuwa akibeba nini. Yahaya akamwambia, "Ningejua ningekuambia, daktari."

Hakuweza kulala chali wala ubavu. Alilala amekaa, mgongo ukutani, mkono juu, na mimi nimejifunga upande mmoja wa kanga kiunoni na mwingine kiunoni kwake. Alipopita milangoni alikunja magoti, kwa kuwa alijua mzigo wake unaishia wapi. Siku ya pili niliona kwamba Maua ameifunga upya kamba yake ya kuanikia nguo, juu zaidi, pale njia yetu ya chooni inapopita kwenye ua wake. Nilipotaka kumshukuru akanikata maneno. "Nimeipandisha kwa ajili ya mashuka. Na huyo mpagazi wako akitaka kazi, stesheni wanatafuta watu." Yahaya alicheka kidogo. Ndiyo mara pekee aliyocheka wiki ile.

Silasi alikuja kila jioni baada ya kazi. Yeye hakuwa na kitu, shingo yake nyepesi, na jambo hilo lilimtesa. Nikamwambia, "Mwanangu, usikae unajilaumu hapa. Nani amebaki katika watu wako?"

"Bibi yangu Bertila, kama yupo. Walihamishwa wote. Kila kaya lori lake."

"Twende tukamtafute."

"Bibi, njia yenyewe mbaya, na huyu anaweza kutuponyoka."

"Nimemfunga kiunoni," nikamwambia. "Akienda Bagamoyo tunakwenda wote."

Tulipanda treni ya Mwanza. Yahaya alibeba gitaa lake begani, kwa kuwa Silasi alisema huenda likahitajika. Hakuweza kukaa kwenye benchi kwa sababu ya kichaga cha mizigo kilichokuwa juu, nao abiria wakaanza kunung'unika kwamba amezuia njia. Gadi wa treni akaja. Alikuwa Mzaramo, mtani wetu, mtu mnene mwenye filimbi. Alipomwona Yahaya na mkono wake akaanza palepale.

"Nyinyi Wanyamwezi. Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani, mpaka leo hamjatua tu?"

Watu wakacheka. Kisha akamtazama Yahaya usoni, akaziona nywele zake, akaiona shingo. Filimbi ikamtoka mdomoni. Akatusogeza kwenye behewa lake la nyuma, penye nafasi ya kusimama na paa la juu, akamwekea Yahaya gunia la barua aegemeze mgongo. Alipokuwa akitoka alisema kwa sauti ya chini, "Pole na mzigo, mtani." Kisha akapita mlangoni ameinama, akizunguka mbali na Yahaya, kama anavyompisha mtu mwenye kitu kirefu kichwani.

Njiani Yahaya aliniambia jambo. "Bibi, uzito nimeuzoea. Kinachonitisha ni joto. Alfajiri kila kitu kinapoa, kuta zinapoa, mimi mwenyewe napoa. Chenyewe hakipoi."

Nikaushika mkono wake ule wa chini.

Bukene tulimuuliza muuza chumvi, naye akatuelekeza kijiji kipya upande wa Lusu. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe alitupakia. Kijiji kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, mlango unatazama mlango, na udongo wa kuta ulikuwa haujakauka vizuri. Balozi wa nyumba kumi aliitwa Lugembe. Nilimwambia tunamtafuta Bertila, akakuna kidevu.

"Yule wa mikeka. Yuko nyumba ya mwisho, nje kidogo ya mstari. Wakubwa walitaka aingie mstarini. Nikawaambia mstari umeisha udongo mzuri." Akatabasamu. "Udongo ni uleule. Lakini bibi kizee aliniomba akae penye kile kinjia, na mtu mzima akikuomba kwa unyenyekevu vile utafanya nini."

Nyumba ya Bertila ilikuwa ukingoni mwa shamba la mahindi. Nyuma yake kinjia chembamba kilipita, kimezama katika udongo mwekundu kama mfereji, hakuna jani lililoota ndani yake. Tulipiga hodi.

"Karibu," sauti ikaitika kabla hatujamaliza. Akatoka mwanamke mfupi, mkavu, macho yake yana ukungu wa uzee. Silasi alipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, mjini wanakulisha." Kisha akageuka kwa Yahaya, na alimtazama juu ya kichwa. Uso wake ukalainika. "Maskini," akasema. Sikujua anamwambia nani.

Nilimsalimu, nikamweleza yote. Alisikiliza akichambua mchicha. Nilipofika kwenye shimo la mwimbo vidole vyake vikaacha kazi.

"Pale pa kimya mliweka nini?"

"Gitaa," akasema Yahaya. "Na mwenzangu ngoma."

Akamgeukia Silasi. "Hukuwaambia?"

"Niwaambie nini, bibi? Wanaume husimama njiani wakaimba, wakifika hapo hunyamaza. Ndivyo nilivyoona tangu utoto."

"Uliona vya upande wako." Alisema bila hasira. "Wanaume hupiga hodi tu, kwa niaba ya wanaopita. Pale mnaponyamaza, sisi wanawake tuko uani, nyuma ya uzio, tumenyoosha mikono. Tunaitika karibu, na tunapokea. Tunaitika kwa sauti ya kumlaza mtoto, ndiyo maana nyinyi wanaume mlio njiani hamuisikii. Sasa nyinyi mmesimama katikati ya mji mkapiga hodi kwa umeme, wakaja wote, na kila walipofika mlangoni wakamkuta kijana amesimama mahali pa mpokeaji. Mgeni atafanya nini? Akampa mzigo wake."

"Na mimi?" Silasi akauliza. "Mbona mimi mzima?"

"Wewe ulinyamaza. Hakuna aliyekuona."

Nikamuuliza kama anaweza kumtua mjukuu wangu. Akausogeza mchicha kando.

"Kile si cha mtu mmoja. Hupokewa na wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Tulikuwa wanawake wengi. Mmoja sasa yuko mbali huko Igunga, mwingine sijui lori lake lilimshusha wapi. Sisemi vibaya, hapa tuna kisima karibu na watoto wanasoma. Lakini mikono yangu ni hii miwili."

"Mimi ninayo miwili," nikasema.

"Wewe ni mtu wa msikiti."

"Ndiyo."

"Na mikono yako?"

"Nayo."

Akacheka bila sauti. "Basi sema lako unaposhika, mimi nitasema langu. Ila sikiliza, mwenzangu. Ukishasema karibu, umekaribisha. Humuulizi ametoka wapi, humuulizi anaondoka lini. Na usiachie. Ukiachia kabla ya kuweka chini, huyu kijana wako atakwenda nacho, na hutamwona tena. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa.

Alitupitisha chumbani mwake ili nione mahali pa kuweka. Mle hapakuwa na kitanda. Palikuwa na mikeka, imetandikwa ukuta hadi ukuta, mingine mipya, mingine imechakaa mpaka rangi imekwisha. Silasi aliniambia baadaye kwamba siku ya malori bibi yake aliacha sufuria na jembe akapakia mikeka. Kila mkeka ulikuwa na bonde katikati, kama palipolala mtu akaamka sasa hivi. Bertila alipita kati yake kwa uangalifu, akinyanyua upindo wa nguo yake. Nami nikanyanyua wangu. Karibu na ukuta alitandika mkeka mmoja mdogo, akaupapasa kuondoa mchanga.

"Huu mdogo," nikasema.

"Nimeona ukubwa wake," akajibu.

Tulisubiri alasiri ipungue, saa ambayo zamani misafara ilikuwa inapiga kambi. Silasi na Yahaya walisimama kwenye kinjia. Mimi nilifungua kanga iliyotufunga, na kuifungua kulinipa tabu kuliko kitu chochote nilichofanya maishani. Nikaingia nyuma ya uzio wa mabua na Bertila.

Silasi akaanza. Hodi, wenye mji, hodi. Alikuwa na sauti ya mtu anayeona aibu. Yahaya aliutoa mkono wake kichwani taratibu, akayumba, akajishika, akaweka vidole kwenye gitaa. Hapakuwa na umeme kijiji kizima. Waya wa gitaa ulining'inia, ncha yake inagusa mchanga. Nilitegemea kusikia kile kisauti cha nzi ambacho magitaa yale hutoa bila umeme.

Lililia kama ukumbini. Lililia zaidi ya ukumbini. Mahindi yakatikisika, mbwa wa kijiji wote wakanyamaza kwa pamoja, na chini ya gitaa miguu ikaja. Niliisikia ikitoka magharibi ndani ya kile kinjia, mingi, mitupu, inaburuta. Vumbi lilisimama kimo cha goti. Harufu ya jasho na ya chuma ikapita kwenye uzio.

Nani yuko nyumbani anipokee?

Silasi akanyamaza. Yahaya akabana nyuzi kwa kiganja, gitaa likakata. Miguu ikasimama.

Kimya kile sitakisahau. Kilikuwa kimya cha watu wengi wanaosubiri mlangoni na wana adabu, hawataki kuuliza tena.

Bertila akanyoosha mikono, na mimi nikanyoosha. "Karibu," akasema, polepole, kama anavyosema mtu kwenye sikio la mtoto. Na mimi nikasema, "Bismillahi. Karibu. Lete nikupokee." Ni maneno ambayo nimeyasema kwa kila mgeni aliyefika kwangu na kikapu.

Yahaya alikuja uzioni kwa magoti yaliyokunjwa. Akainama mbele yetu, na uzito ukaingia mikononi mwangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa pembe. Nilikuwa nimejiandaa kwa gunia la chumvi au robota la nguo. Kilikuwa laini. Kilikuwa na joto, nacho kilikuwa kinapumua haraka haraka kama anavyopumua aliyelia mpaka akachoka. Macho yangu yaliona mikono yangu mitupu na hewa kati yake, na kiganja changu cha kulia kilikuwa kimeshika kisogo kidogo chenye nywele nyembamba. Nimelea wanane, wangu na wa wenzangu. Kisogo nakijua.

Nilitaka kuachia. Nasema ukweli. Kisha kile kitu kikageuza uso kikaulaza kwenye mkono wangu, na mikono ikafanya yenyewe ilichozoea kufanya.

Nje ya uzio, juu ya kinjia, mwanamke alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyebeba kitu safari ndefu sana. Niligeuza kichwa.

"Mama yake?" nikanong'ona.

"Hatuulizi," akasema Bertila. "Tembea."

Tulitembea, yeye mbele mimi nyuma, tukapita kati ya mikeka, tukamlaza kwenye ule mdogo. Mkeka ulibonyea. Bertila akachukua kitambaa akakitandaza hewani juu yake, na kitambaa hakikulala chini. Kiliinuka na kushuka, kiliinuka na kushuka, taratibu zaidi na zaidi.

Nilipotoka nje nilimkuta Yahaya amelala chali kwenye udongo, mikono yote miwili ubavuni, mdomo wazi, anakoroma. Silasi alikuwa ameketi upande wa kichwa chake akimfukuzia nzi kwa shati lake mwenyewe. Kwenye kinjia hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limekaa chini.

Hatukumwamsha mpaka asubuhi. Alipoamka aliuliza kama kuna chakula, na Lugembe, ambaye hakuuliza lolote kuhusu kelele za jana, alikuwa ameshaleta viazi vya moto vimefungwa kwenye jani. Yahaya alikula akitazama chini, kisha juu, kisha pembeni, kama anaijaribu shingo.

"Mume wangu," nikamwambia, "gitaa utaliacha?"

"Sijui, Bibi." Akatafuna. "Pale pa kimya sipigi tena. Labda tuwatafute akina mama waimbe. Silasi anasema anajua nusu tu."

"Mwanamume siku zote anajua nusu," akasema Bertila, akimwongezea kiazi.

Nilimsaidia kuosha vyombo na kufagia ua. Kabla ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mleteni yule mpiga ngoma, na mama yake aje. Nitamfundisha. Na nyinyi mkipata nafasi hivi, mje."

Nilimwahidi. Nikarudi chumbani kuchukua kanga yangu niliyoisahau msumarini, nikipita kati ya mikeka kwa upindo ulionyanyuliwa. Bertila alibaki kizingitini. Nilipokuwa nageuka kutoka, kitambaa kile karibu na ukuta kikasogea, na Bertila akaushika mlango usijifunge kwa upepo, ili nisikie vizuri. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyetoka usingizini, na maneno yalikuwa ya Kiswahili cha zamani, kama alivyokuwa akisema bibi yangu mimi.

"Bibi, utarejea kunitazama?"